Kilti Iliyoletwa kwa Mkono wa Kushoto

Nguo ikiletwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki, inuse kabla hujaipokea. Sitanii. Nimeshona miaka thelathini na tisa, tisa ya kwanza Tanga na iliyobaki yote hapa Johannesburg, na pua imeniokoa mara nyingi kuliko macho. Nguo iliyokaa kabatini kwa mwenyewe hunuka sabuni au vidonge vya nondo. Nguo ya wizi hunuka buti la gari. Ukishanusa, ichunguze nguo yenyewe kabla hujamuuliza aliyeileta, kwa sababu yeye ana mdomo na nguo haina.

Ninyi mnaoshona sasa pale Bellevue, Yeoville na kwenye maghorofa ya mjini mnanicheka nikisema hivi. Mna mashine za umeme, mna video za kuwafundisha kila kitu, na mteja anawatumia picha ya gauni bado yuko kitandani kwake. Sawa. Mimi nimestaafu, macho yamechoka, kidole cha subana kimepinda na hakinyooki tena. Lakini kuna jambo moja la kazi hii ambalo hamtalikuta kwenye video. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu, mwaka wangu wa mwisho dukani. Nitafika huko, nivumilieni.

Mke wangu Mwanaidi husema mimi nikisalimiwa naigeuza salamu nione bitana yake. Ni kweli, nashuku. Ila sikuzaliwa hivyo. Nilipokuwa nimeshakaa hapa mjini miaka minne au mitano, alikuja bwana mmoja nadhifu, mpole, na makoti mapya ishirini pamoja na bahasha ya lebo. Lebo za Kitaliano, za hariri. Akasema zilisahauliwa kiwandani, nimsaidie kuzishona. Nikamsaidia. Nilizishona kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, nikajiona fundi kwelikweli. Wiki mbili hazijaisha, mama mmoja mteja wangu akaingia na koti la mumewe mkononi.

"Fundi Shabani," akaniambia, "umehamia lini Italia?"

Aliutambua mkono wangu kwa sababu magauni yake yote nilishona mimi. Mumewe hakuona cha kuchekesha. Nilikaa kituo cha polisi tangu asubuhi mpaka alasiri nikijieleza, na yule bwana nadhifu sijamwona tena hadi leo. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea lebo peke yake, haipo kwenye nguo yake, mwili wote unanisisimka.

Mwalimu wangu hapa alikuwa Papa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, mwenye tumbo kubwa na suruali zilizomkaa vizuri kuliko za wembamba wote wa mji huu. Mimi nilitoka Tanga najua kanzu, mashati na sare za shule. Yeye alijua suti. Alinipa meza kwenye chumba chake mjini, ghorofa ya tatu, chini yetu kanisa la walokole, kwa hiyo siku za ibada tulishona kwa kufuata mapigo ya ngoma, tupende tusipende. Papa Ilunga hakuwa na maneno mengi. Nikiharibu kitu alisema tu, "Eh, Tanga!", utadhani kosa ni la mji mzima.

Kilti yangu ya kwanza niliishona akiwa safarini. Mnajua kilti, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa Kiskoti. Hapa kuna kanisa moja la Kizulu ambalo vijana wake wa kiume hucheza ibada wamevaa kilti na soksi ndefu. Waliichukua zamani kwa askari wa Kiskoti, wakaifanya yao. Kijana mmoja wa kanisa hilo akaniletea picha. Nikaona kitambaa chekundu cha drafti. Sasa Mtanzania akiona kitambaa chekundu cha drafti anaona nini? Nikaenda kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa akiuza vinyago na shanga mjini, nikachukua mashuka matatu ya Kimasai. Nikakata, nikapiga marinda, nikaweka upindo mzuri chini na bizimu upande wa kushoto. Nikaitundika dirishani watu waione.

Papa Ilunga aliporudi aliishika kwa vidole viwili.

"Eh, Tanga," akasema. "Huyu mutoto ya batu anaenda kuomba Mungu, ao anaenda kuchunga ngombe?"

Akaketi akanifundisha. Kilti haiwekwi upindo, chini huachwa ukingo wenyewe wa kitambaa jinsi ulivyotoka kwa mfumaji. Ya mwanamume hufungwa upande wa kulia, ya mwanamke kushoto, kwa hiyo nilimshonea kijana wa watu sketi ya dada yake. Na marinda hayapigwi ovyo ovyo. Kila rinda linakunjwa mpaka mistari ikutane, ili mtu akisimama wima drafti ionekane imeendelea nyuma yake bila kukatika. Kitambaa cha ziada hukikati, unakizamisha chote ndani ya marinda, ili wajukuu wakiwa wanene waweze kukiachia. Nilifumua mashuka yale siku mbili nzima. Tulipofika kwenye kiuno nikawa nageuzageuza bitana natafuta pa kuanzia, akanipiga mkono kwa futi.

"We Shabani, unatafuta nini mu bitana? Bitana ni ya fundi. Leo anaweka, kesho ingine anaondoa. Angalia kilamba yenyewe, njo iko na habari ya mutu."

Kilamba kwao ni nguo. Nilisema ndiyo, Papa. Nikaamini nimeelewa.

Baada ya hapo zikaanza kuja kilti nyingi, za wachezaji wa kanisa, za bendi za zumari, za mabwana harusi. Mimi, Mdigo wa Tanga, nikawa fundi wa nguo ya Waskoti. Papa Ilunga alipofariki nikahamia Bellevue, chumba cha mbele cha nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, na huko ndiko Mama Dorothy alikonikuta.

Ilikuwa asubuhi. Akaingia mama wa miaka hamsini na kitu, wa jamii ya machotara inayoitwa hapa Kaladi, na mfuko mweusi wa plastiki. Akauweka mezani kwangu kwa mkono wa kushoto.

Naomba mnielewe hapa. Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukimpa hata kiberiti kwa mkono wa kushoto anakirudisha pamoja na kibao. Kwetu mtu mzima akikupa kitu kwa kushoto, ama anakudharau ama hakutakii mema. Najua hapa watu hawalelewi hivyo. Najua, lakini moyo haujui. Nikaunusa mfuko. Vidonge vya nondo, na chini yake tumbaku ya zamani. Haya, nikasema moyoni, si ya wizi. Labda.

Ndani mlikuwa na kilti. Nyekundu na kijani kibichi, michirizi ya buluu, na uzi mwembamba wa njano na mwingine mweupe. Sufu nzito, nzuri, ya zamani. Tulizungumza Kiingereza cha hapa, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Ni ya babu yangu, Anko," akasema. "Baba wa baba yangu. Alikuwa Mskoti, alifanya kazi migodini. Baba ana miaka themanini na tatu, hatoki tena nyumbani. Anataka kujua baba yake alitoka wapi kabla hajaondoka duniani."

"Na wewe unataka kujua nini?"

"Mimi? Nataka baba ajue."

Nikaitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi lake. Watu wa hapa wanajua kwamba ukiwa na babu aliyezaliwa Uingereza kuna viza ya ukoo unayoweza kuiomba. Nimeona watu ambao hawakuwahi kumtaja babu yao hata siku moja, ghafla wanamtafuta kwa machozi. Nikasema huyu naye ni mmoja wao.

Kazi aliyoitaka ilikuwa ya kuhesabu nyuzi. Alikuwa akiandikiana kwa simu na mfumaji mmoja huko Uskoti, naye alimwambia picha hazitoshi kwa sababu simu hubadilisha rangi. Kila drafti ya Waskoti ina hesabu yake: nyuzi nyekundu kadhaa, kisha kijani kadhaa, kisha njano mbili, hadi mpangilio ugeuke na kurudi. Hesabu hiyo ndiyo inayosema nguo ni ya nani.

Kama mtapata kazi hiyo, msihesabu nje. Nje jua limeshafuta rangi, na uzi wa buluu uliopauka unaweza kuapa ni wa kijani. Ingieni ndani ya rinda, kule ambako mwanga haujafika tangu fundi wa kwanza alipokunja. Chukueni pini mbili na lenzi, kaeni dirishani asubuhi. Pini moja isimame kwenye uzi wa kwanza wa rangi, nyingine itembee. Mkipiga chafya, anzeni upya. Mimi nilihesabu mara tatu, siku tatu tofauti, na kila mara Mwanaidi akiniita chai nilimjibu kwa namba.

Nilipokuwa nahesabu niliona mengine, maana jicho la fundi halikai kimya. Bitana ya kiuno ilikuwa ya gunia la unga, maandishi yake bado yakisomeka kwa mbali, imeshonwa safi kabisa na mwanamke anayejua kazi. Na mbele, karibu na goti, palikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi mnene wa kaki, ule wa kushonea mabuti na mahema. Mishono mikubwa, imelala upande usio wake. Nikasema huyu alishona amelewa. Nikaendelea na hesabu yangu.

Mama Dorothy alipokuja kuchukua hesabu nilimuuliza swali moja.

"Ndani haina jina? Waskoti wengine huandika."

"Sijaliona," akasema.

Nikaliweka jibu hilo akilini. Kilti ikabaki kwangu niibadilishe bitana, kwa sababu lile gunia lilikuwa limeanza kuchanika.

Wiki mbili baadaye akarudi karibu anakimbia.

"Anko, amejibu! Si ya ukoo. Ni ya mkoa! Huntly, kaskazini mashariki kabisa. Anasema nguo ya ukoo wanavaa wenye jina lile, lakini ya mkoa anavaa yeyote aliyetoka pale. Hakuna wa kumuuliza baba jina lake."

Nilifurahi, siwafichi. Hesabu yangu, mimi na pini zangu mbili, ilikuwa imetembea mpaka huko na kurudi na jina la mahali. Ningekuwa na akili ningeishia kwenye furaha hiyo.

"Ila amesema kama kuna jina la mtu," akaendelea, "anaweza kutuulizia kwenye rejista za makanisa ya kule. Basi jana baba akanipa hii. Alikuwa nayo kwenye Biblia yake miaka yote. Nataka uishone ndani mahali pake, nipige picha, nimtumie."

Akafungua pochi na kutoa, kwa mkono wa kushoto, kipande cha utepe wa pamba kilichoandikwa jina kwa wino. Jina sitaliandika hapa, lina wenyewe.

Mwili ukanisisimka. Wiki mbili nyuma jina halipo. Mfumaji anauliza jina, jina linatokea. Linatokea peke yake, bila nguo. Na Shabani ndiye alishone, lipigwe picha, ionekane lilikuwa hapo siku zote. Yale makoti ishirini ya Kitaliano yakapita yote mbele ya macho yangu, moja moja.

Nikaichukua lebo nikaiweka chini ya lenzi. Lebo ikishonwa huacha matundu, na matundu hayazibi. Hii ilikuwa na safu mbili: moja ya matundu madogo sana ya sindano nyembamba, nyingine ya matundu makubwa yasiyo na mpangilio. Nikaipima kwa futi, mazoea tu. Nikaitandaza kwenye bitana ya kilti, ile ya gunia ambayo bado sijaibadilisha, nikaisogeza huku na huku. Hakuna tundu hata moja lililolingana. Hakuna hata kivuli cha mahali ilipokaa.

"Mama, hii haijawahi kukaa hapa."

"Baba anasema mama yake alimwambia ilikaa."

"Baba ndiye anayesema, au wewe?"

"Unamaanisha nini, Anko?"

"Namaanisha imetoka kwenye nguo nyingine. Mimi si mtoto. Watafute wanaoshona viza. Mimi nashona nguo."

Nilisema kwa sauti, na kwenye chumba cha pili watu wakanyamaza kusikiliza. Mama Dorothy hakupaza sauti yake.

"Eish, Anko Shabani. Unajua walimwambia nini baba yangu tangu mdogo? Kwamba mama yake alikuwa dobi, na hii kilti aliiiba kwenye kapu la nguo za tajiri wake. Kwamba hakukuwa na Mskoti yeyote. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa baba pamepigwa mstari. Ana miaka themanini na tatu na bado hajui kama mama yake alikuwa mwizi. Leo nikirudi nimwambie hata fundi amesema ni uongo?"

Akaichukua lebo yake akatoka. Kilti akaiacha mezani.

Nilimsimulia Mwanaidi nikitegemea anisifu.

"Umemchunguza vizuri?" akauliza.

"Nimechunguza kwa lenzi."

"Shabani, wewe mtu huyo humpendi kwa sababu ya mkono wake tu. Sema ukweli."

Kilti ilikaa mezani siku tatu, na kila nikipita nilijikuta nimeangalia pembeni. Siku ya nne nikasema niikunje niirudishe, yaishe. Nikashika kiuno, kidole gumba juu ya lile gunia la unga, na papo hapo nikamsikia Papa Ilunga kama yuko mlangoni na tumbo lake. Unatafuta nini mu bitana?

Jamani, niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani. Gunia lile liliwekwa baadaye. Niliona kwa macho yangu kwamba liliwekwa baadaye, hakuna Mskoti anayeshonewa kilti kwao kwa gunia la unga la Johannesburg. Lakini nilitaka kuona uongo, nikaangalia mahali pa kwanza uongo ulipoweza kukaa, nikaridhika. Kosa la mwaka wa kwanza, nimelifanya mwaka wa thelathini na tisa.

Nikalifumua gunia taratibu. Chini yake, kwenye sufu yenyewe, palikuwa na kipande cha mstatili chenye wekundu uliokolea kuliko pembeni, na kukizunguka matundu madogo madogo yamejipanga. Nikaweka futi. Urefu ni ule ule, upana ni ule ule.

Matundu makubwa ya ile safu ya pili sikuyaona popote. Hayo sikuyajua, na sikujifanya nayajua. Nikapiga simu. Mama Dorothy akasema neno moja tu, njoo.

Niliipiga pasi kilti, nikaitia kwenye mfuko mweupe, nikapanda taksi mbili mpaka mtaa wa La Rochelle, kusini mwa mji. Walikuwa wakiishi nyumba ya pembeni mwa spaza moja, yaani kiduka cha mtaani, chumba cha mbele kina jua, na kwenye kiti cha dirishani alikaa mzee mrefu, mwembamba, blanketi magotini. Majirani wanamwita Oupa Neville, yaani Babu Neville. Akaninyooshea mkono. Wa kushoto.

Nikasita. Mama Dorothy aliona nimesita. Nikaupokea kwa wa kulia, tukashikana vibaya vibaya.

"Mzee," nikasema kabla sijaketi, "nilimwita binti yako mwongo. Nimekuja kusema nilikosea."

"Hukuwa wa kwanza," akasema. "Kaa."

Akafungua Biblia akatoa lebo. Niliiweka juu ya kile kipande chekundu cha kiuno, na matundu madogo yakakutana yote, upande kwa upande. Mishono midogo, ya subira, ya mama wa huko Uskoti anayemfungia mwanawe nguo za safari. Mama Dorothy akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama mimi.

"Umebakiza kitu," akasema.

"Nimebakiza. Lebo hii ilishonwa mara ya pili mahali pengine. Sijui wapi."

Akamwambia binti yake alete kikoti. Kikatoka kabatini kimefungwa kwenye gazeti: kikoti cha sufu ya kijivu, cha mtoto wa miaka miwili.

"Mama alisema baba alinivika hiki siku aliyoondoka," akasema Oupa Neville. "Hakurudi. Wengine walisema alifia chini mgodini, wengine walisema alirudi kwao. Wengi walisema hakuwepo. Lebo ilitoka yenyewe nilipokuwa shule, nikaificha. Siku zote nimewaza, labda mama ndiye aliyeishona, ili nisiumie."

Ndani ya kola, upande mmoja, mishono mitatu ilikuwa imebaki. Uzi mnene wa kaki.

Nikaomba nisogee dirishani. Niliweka lebo, matundu makubwa yakakutana. Kisha nikaangalia ile mishono mitatu inavyolala. Vijana, hili liwekeni kichwani. Mtu wa mkono wa kulia akishona pindo, mishono yake hulala upande mmoja. Ya mtu wa mashoto hulala upande wa pili. Anaweza kuficha jina, kabila na dini, hilo hawezi kulificha. Mishono hii ililala upande wa pili. Nikageuza kilti mpaka kwenye lile tundu la karibu na goti, pale nilipomwita mtu mlevi. Uzi ni ule ule wa kaki, ukubwa ule ule, na imelala hivyo hivyo. Nikachukua gunia la unga. Mishono yake ililala upande wa mtu wa mkono wa kulia, safi.

"Mzee, mama yako alishona kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Mimi alinipiga miaka mingi niache kushoto. Halafu siku moja akaacha, akalia, wala hakuniambia analia nini."

Nikaweka kilti na kikoti mezani, kimoja kando ya kingine.

"Basi sikiliza. Mama yako ndiye aliyeshona bitana hii. Hii lebo ya kikoti hakuishona yeye. Aliyeishona ni yule yule aliyeziba tundu la kilti yake mwenyewe. Alikuwa wa mashoto. Alilitoa jina lake kwenye nguo yake, akalishona kwenye yako."

Mama Dorothy alikuwa analia, na mimi mtu wa kushuku nilikuwa nalia. Oupa Neville hakulia. Alipitisha kidole juu ya ile mishono mitatu, akarudi, akapitisha tena.

"Alikuwa anajua kushona?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Alikuwa anashona vibaya sana."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akaja na maji, na alipokwisha kunywa akasema jina lirudi kwenye kilti, mahali pake pa kwanza, maana nguo hiyo sasa ni yake kuvaa. Nikatunga uzi. Nilikuwa nimeshainama nianze nikaona mkono wake umenyooka mbele yangu, ule wa kushoto, unasubiri.

Nikamtilia sindano mkononi.

Alishona asubuhi yote, mimi nimemshikia kitambaa. Kila mshono ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Picha ilitumwa, na rejista za huko bado zinatafutwa. Kama kuna viza ndani yake, sikuuliza, ingawa siwezi kusema sishuku.

Lakini ikitokea mmoja wenu akaletewa kilti nyekundu ya drafti, kwenye mfuko wa rangi yoyote, kwa mkono wowote, na ndani ya kiuno akakuta lebo imeshonwa vibaya, mishono mikubwa imelala upande usio wake, tafadhali asiifumue aishone vizuri. Aiache kama ilivyo.